Diski Iliyokuja na Jarida: Itumiweje, na Ikikataa Kusomeka Kifanywe Nini?

Nyumba ya askari yenye kompyuta, kwa kawaida, huwa nayo moja tu. Hivyo ndivyo ilivyo Musaga, mtaa wa kusini mwa Bujumbura ulio jirani na kambi ya Muha, kama ilivyo katika mitaa mingine ambamo mishahara huhesabiwa mara mbili kabla ya kutumiwa. Kompyuta hiyo moja ni ya watu wote. Baba huhifadhi humo nakala za barua za kazi, na pengine picha za miaka aliyokuwa Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka vikosi vyake mwaka 2007. Mama huandika hesabu za kikundi cha kuweka akiba. Mwana wa sekondari hujifunza kupiga chapa, na mdogo wake hungoja zamu ya mchezo.

Siku moja huingia nyumbani jarida la kompyuta la zamani, aghalabu la Kifaransa. Pengine limeletwa na shemeji aliyerudi kutoka Ubelgiji, au limetoka katika sanduku la vitabu vya mitumba. Ndani ya mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye jalada mna sahani nyembamba inayong'aa, na juu yake yametajwa mambo ya kuvutia: kamusi, masomo ya hesabu, michezo, kinga ya virusi, yote bila malipo. Kabla jarida halijasomwa hata ukurasa mmoja, sahani hiyo imekwisha kuingizwa katika kompyuta. Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini majarida yaligawa vitu hivyo. Katika miaka ya 1980 baadhi ya majarida ya Uingereza yalibandika kanda za kaseti kwenye majalada yao, kwa kuwa kompyuta ndogo za siku hizo zilisoma programu kutoka katika kaseti. Zikafuata diski laini, kisha, katika miaka ya 1990, diski za CD zenye uwezo wa kuchukua megabaiti 650 hadi 700, na baadaye DVD zenye gigabaiti 4.7. Wakati huo intaneti ilipita katika waya wa simu, nayo ililipiwa kwa dakika. Kupakua kwa njia hiyo mambo yote yaliyomo katika diski moja kungechukua siku nzima na zaidi. Kwa hiyo diski ya jarida ilikuwa neema ya kweli. Leo majarida mengi yameacha desturi hiyo, lakini diski zenyewe hazikufa. Bado zinazunguka mikononi mwa watu, na mahali ambapo vifurushi vya intaneti ni ghali bado zina kazi.

Lakini diski ni mgeni, na mgeni huulizwa atokako. Iko habari moja ya mwaka 1989 ambayo kila mwenye kompyuta angefaa kuijua, nayo inagusa hata Afrika Mashariki.

Desemba ya mwaka huo, diski laini zipatazo 20,000 zilitiwa posta mjini London. Zilipelekwa kwa wasomaji wa jarida la PC Business World, na kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya UKIMWI. Jarida lenyewe halikuwa na hatia. Mtumaji alikuwa amenunua tu orodha ya anwani. Diski ilikuwa na karatasi ya maelezo na lebo safi, nayo ilidai kuwa na programu ya kumsaidia mtu kupima hatari yake ya kuambukizwa UKIMWI. Na kweli programu hiyo ilikuwamo: iliuliza maswali, ikatoa majibu. Nani angeshuku kitu kilichokuja kwa posta, kikizungumzia ugonjwa uliokuwa ukiwatisha watu wote wakati ule?

Kumbe programu ile ilikuwa imejificha ndani ya kompyuta na kuanza kuhesabu. Kila kompyuta ilipowashwa, iliongeza moja. Ilipofika takriban mara ya 90, ilificha makabrasha na kuvuruga majina ya mafaili yote, kisha ikatoa hati ya madai kwenye skrini: mwenye kompyuta apeleke dola 189 za Marekani kwenye sanduku la posta nchini Panama, au dola 378 akitaka ruhusa ya muda wote. Ajabu ni kwamba onyo lilikuwa limeandikwa. Katika karatasi iliyofungwa pamoja na diski, kwa herufi ndogo, ilielezwa kwamba asiyelipia programu ile, programu nyingine katika kompyuta yake zingeathirika. Waliosoma karatasi hiyo kabla ya kutumia diski walikuwa wachache.

Mtu aliyeshtakiwa kwa jambo hilo alikuwa Mmarekani Joseph Popp, mtaalamu wa viumbe aliyepata kufanya utafiti wa nyani katika Afrika Mashariki. Alianza kushukiwa baada ya vituko alivyovifanya katika uwanja wa ndege wa Amsterdam, akiwa safarini kutoka katika semina ya Shirika la Afya Duniani mjini Nairobi. Alikamatwa Ohio mwaka 1990, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 mahakama iliona kwamba hali ya akili yake haikumwezesha kusimamishwa kizimbani.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika habari hii ni lile lililotokea majumbani na maofisini. Watu wengi waliposikia habari za diski hiyo walifadhaika, wakafuta kila kitu katika kompyuta zao ili wawe salama. Iliripotiwa kwamba taasisi moja nchini Italia ilipoteza kazi ya miaka 10 kwa namna hiyo. Nao ukweli ni kwamba programu ile haikuwa imeharibu yaliyomo ndani ya mafaili. Ilikuwa imevuruga majina yake tu, tena kwa ufunguo mmoja kwa kompyuta zote. Haukupita muda mrefu kabla mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, hajaandika programu za kuiondoa na kuyarudisha majina, zikagawiwa bure. Waliosubiri walipata mali yao. Waliokimbilia kufuta walijiletea hasara ambayo diski yenyewe haikuwafanyia.

Turudi sasa Musaga, kwenye sahani iliyotoka katika jarida la shemeji.

Kwanza itazamwe kwenye mwanga wa dirishani. Watu wengi huutunza upande wa chini unaong'aa na kuutupa ovyo upande wa juu wenye maandishi, hali upande wa juu ndio dhaifu zaidi. Diski ya CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki angavu iliyo chini. Habari zenyewe zimo katika utando mwembamba wa madini ulio juu kabisa, chini ya rangi ya maandishi. Mkwaruzo wa chini ni kama mkwaruzo wa kioo cha dirisha. Mkwaruzo wa juu ni kama kukichana kitabu chenyewe. Diski ikiinuliwa kuelekea kwenye taa na mwanga ukaonekana kupenya katika vitundu, mahali hapo habari zimekwisha kutoweka, wala hakuna fundi wa kuzirudisha. Basi mtu asiandike juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha kali, wala asibandike karatasi, kwa maana karatasi huiyumbisha inapozunguka.

Diski yenye ufa, hasa ufa uanziao kwenye tundu la katikati, isiingizwe kamwe. Baadhi ya kompyuta huweza kuizungusha diski karibu mara 10,000 kwa dakika. Diski yenye ufa ikizungushwa kwa kasi hiyo yaweza kupasuka vipande vipande ndani ya mashine, na hapo anayeharibikiwa ni mwenye mashine.

Ikiwa na vumbi au alama za vidole, ipanguswe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi. Mkono utoke katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kama miale ya jua. Usizungushwe kama asuguaye sahani ya chakula. Sababu yake ni hii: habari katika diski zimepangwa kwa mstari mmoja mrefu unaojiviringisha kutoka katikati kwenda nje, na mashine imewekewa ujuzi wa kukisia vipande vidogo vilivyokosekana. Mkwaruzo unaokata mstari huo kimkingamo hula kipande kidogo katika kila mzunguko, na mashine hukisia kilichopotea. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hula sehemu ndefu kwa mfululizo, na mashine hushindwa. Wapo wasemao kwamba dawa ya meno huponya diski iliyokwaruzwa. Ni kweli kwamba hulainisha mikwaruzo midogo ya upande wa chini, lakini huweza pia kuongeza mingine. Dawa hiyo iachwe iwe ya mwisho kabisa, kwa diski ambayo vinginevyo ingetupwa.

Baada ya hapo, diski iingizwe, lakini bila haraka. Tangu Windows 95, kompyuta nyingi zilifundishwa kuianzisha diski zenyewe mara tu inapoingia. Ni huduma nzuri, nayo ndiyo njia nyepesi ya mgeni mbaya kupita mlangoni. Katika kompyuta za zamani, mwenye kuingiza diski ashikilie kitufe cha Shift mpaka mashine itulie, diski haitajianzisha. Zile mpya huuliza kwanza, na jibu lifaalo ni kuchagua kuona mafaili yaliyomo. Kisha programu ya kinga ya virusi iliyo ndani ya kompyuta, si ile iliyo ndani ya diski, iichunguze diski yote. Kinga ya virusi iliyomo katika diski ya mwaka 2003 haijui virusi vya leo. Kuitegemea ni sawa na kumweka zamu mlinzi ambaye hajapata kuonyeshwa picha za wanaotafutwa.

Wala mtu asidhani kwamba jarida lenye jina kubwa haliwezi kukosea. Virusi vilivyoitwa CIH, vilivyoandikwa na kijana mmoja wa Taiwan mwaka 1998, vilipata kusambazwa bila kujua na majarida ya michezo ya kompyuta huko Ulaya, katika diski zao wenyewe. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi hivyo viliamka, vikaandika takataka mwanzoni mwa hifadhi ya kompyuta, na katika baadhi ya mashine vikaharibu hata kile chipu kinachoiwezesha kuwaka. Kompyuta ya namna hiyo haikuponeka kwa kufutwa. Ilihitaji chipu kingine.

Diski ikionekana safi, ndipo mtu aweza kuweka programu anayoitaka. Moja tu kwa wakati, si zote 40 kwa sababu ni za bure! Diski za Kifaransa huongoza kwa maneno machache: Suivant maana yake endelea, Parcourir ni kuchagua mahali pa kuweka, Annuler ni kuacha, Terminer ni kumaliza. Mtoto wa shule hujifunza maneno hayo kwa dakika moja. Hatari yake ni kwamba kidole huzoea kubofya Suivant bila macho kusoma. Kati ya kurasa hizo huwamo visanduku vilivyokwisha kutiwa alama, vinavyoruhusu programu nyingine zisizotakiwa ziingie pamoja na ile moja. Alama hizo ziondolewe. Karatasi ya herufi ndogo ya mwaka 1989 ilikuwa ya aina hiyohiyo.

Sasa, ikiwa diski inakataa?

Kama kompyuta inanguruma kisha inasema hakuna kitu ndani, itazamwe kwanza alama iliyochapwa juu ya diski. Diski ya DVD haisomeki katika mashine iliyotengenezwa kwa CD peke yake, ingawa kwa macho zimefanana kama pacha. Mionzi inayosoma moja siyo inayosoma nyingine. Kosa hili ni la kawaida sana, na diski nyingi njema zimetupwa kwa ajili yake. Kisha diski ijaribiwe katika kompyuta nyingine, ya jirani au ya sekretarieti wapigapo chapa na kutoa nakala. Ikisomeka huko, ugonjwa uko katika mashine ya nyumbani. Mara nyingi ni vumbi katika lenzi, hasa wakati wa kiangazi ambapo vumbi la barabarani huingia hata katika kabati. Ikikataa kote, diski ndiyo mgonjwa. Ikisomeka kwa taabu, mafaili yake yanakiliwe mara moja katika kompyuta, moja baada ya jingine, na lile linaloganda liachwe mpaka mwisho. Lisiachwe lizuie mengine.

Kompyuta nyingi mpya za kubebeka hazina kabisa mahali pa kuingizia diski. Hapo hakuna haja ya kununua mashine nyingine. Hutosha kupata mtu mwenye kompyuta ya zamani, akanakili mafaili katika flashi, nayo flashi ikachunguzwa kabla ya kufunguliwa. Flashi iliyopita katika kompyuta za watu wengi ni mgeni hatari kuliko diski, kwa kuwa diski iliyochapwa kiwandani haiwezi kuandikwa kitu kipya, hali flashi hupokea kila inachopewa.

Mara nyingine diski husomeka vizuri, lakini programu haifunguki. Kompyuta haijaharibika, wala diski. Programu za miaka ya mwanzo ya 1990 ziliandikwa kwa Windows ya namna ya zamani, na Windows za leo zilizo za biti 64 haziwezi kabisa kuziendesha. Zile za miaka ya 2000 huweza kukubali, ikiwa mtu ataibofya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua sifa zake na kuchagua iendeshwe kama katika Windows ya zamani. Kwa michezo ya zama za DOS iko programu ya bure iitwayo DOSBox, ambayo huigiza kompyuta ya wakati huo ndani ya kompyuta ya leo.

Lipo pia tatizo la namba ya ruhusa. Programu nyingi za majarida zilikuwa za majaribio ya siku 30. Nyingine zilikuwa kamili, ila zilihitaji namba iliyochapwa ndani ya jarida, au iliyotolewa na tovuti ya kampuni. Kwa hiyo jarida lisitenganishwe na diski yake. Aliyefungia maandazi kurasa za jarida na kuhifadhi diski amehifadhi kufuli akatupa ufunguo. Ikiwa namba ilikuwa itolewe na tovuti, na tovuti hiyo imefungwa, hapo hakuna la kufanya. Kutafuta namba za wizi mitandaoni ni kuvialika virusi kwa jina, kwa maana programu zinazodai kutengeneza namba hizo ni mojawapo ya maficho yao makubwa.

Katika diski hizo zote, zinazodumu thamani yake ni zile zenye programu huru. Kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni ya Canonical iligawa bure kwa posta diski za Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa yeyote aliyeomba, katika nchi yoyote. Na majarida kama Linux Format yalibandika diski za aina hiyo kwenye majalada. Diski kama hiyo huweza kuiwasha kompyuta bila kugusa kilichomo ndani yake, na kwa njia hiyo mtu akaokoa picha na barua kutoka katika kompyuta ambayo Windows yake imekataa kuamka. Huhitajika tu, kompyuta inapowashwa, kuiamuru ianze na diski. Kitufe chake huwa F12, F2 au Esc, kutegemea mtengenezaji. Wasemaji wa Kiswahili nao walipata fungu lao: mwaka 2004, kwa kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu ambayo amri zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Leo mrithi wa ukoo huo ni LibreOffice, nayo ni bure.

Limebaki jambo la nakala. Kabla diski yoyote ngeni haijaingizwa, vitu vya nyumba visivyoweza kupatikana tena vinakiliwe mahali pengine: picha, vyeti vya watoto vilivyopigwa picha, karatasi za utumishi na za pensheni, hesabu za kikundi cha mama. Kwa nyumba nyingi vyote hivyo huenea katika flashi moja. Flashi hiyo ichomolewe mara kazi inapokwisha, iandikwe tarehe kwa kipande cha plasta, nayo isihifadhiwe katika mfuko uleule wa kompyuta. Mwizi akichukua mfuko, huchukua vyote viwili. Na virusi huingia katika kila kilichochomekwa. Iwekwe kwa bibi, au katika sanduku la nguo.